Kiti Ambacho Papa Direkteri Hakukikalia

Jumapili moja padri wetu wa Masisi alisoma majina ya kamati mpya ya parokia, misa ikiwa karibu kwisha. Jina la Papa Direkteri lilikuwa la kwanza. Watu walipiga makofi. Yeye akasimama kwenye benchi lake, akangoja makofi yaishe, kisha akauliza kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitia wanafunzi majina darasani:

"Padri, na heshima yote. Nani alinichagua?"

Padri akajibu kwamba ni yeye, pamoja na washauri wake.

"Basi mimi niko mutu wa padri," akasema. "Siko mutu wa hawa. Siku padri atakasirika, nitatoka. Siku hawa batakasirika, nitabakia. Sasa nitakuwa natumikia nani?"

Akaketi. Kamati ilianza kazi bila yeye, na nadhani padri yule hakumsamehe mpaka siku alipohamishwa.

Mimi nilikuwa jirani yake. Duka langu na nyumba yake vilitenganishwa na ua wa miti mifupi ambao mkewe na mimi tulizoea kuegemea tukiongea. Sisi ni watu wa Butembo. Mume wangu alinileta Masisi kuuza chumvi, sabuni na vitenge, akafa akaniacha na duka, nami nikabaki kwa sababu vilima vile nilikuwa nimeshavizoea. Papa Direkteri aliniita Mama Jirani hata mbele ya wateja, kana kwamba sikuwa na jina jingine. Yeye naye hakuwa na jina jingine. Aliongoza shule ya msingi tangu kabla sijafika, na alipofika retreti, yaani alipostaafu, cheo kile kilibaki juu yake. Mkewe pia alimwita hivyo. Akimwita ale: Direkteri. Akimgombeza: Direkteri.

Alikuwa mrefu, mkavu, na alitembea mikono ikiwa mgongoni. Mfuko wa kulia wa koti lake ulikuwa mweupe daima kwa sababu hakuacha kubeba chaki, hata miaka baada ya kuacha kazi. Asubuhi moja nilifungua duka nikakuta maneno ya ubao wangu yamefutwa na kuandikwa upya, kwa herufi zilizolala sawasawa kama mistari ya daftari. Nilikuwa nimeandika "chumvi" vibaya. Hakuniuliza. Nilipomwambia kwamba ule ulikuwa ubao wangu, alishangaa kweli.

"Lakini ilikuwa na kosa," alisema.

Ndivyo alivyokuwa. Mtu ambaye angesimamisha misa kuuliza nani amemchagua, nyumbani kwake hakuuliza mtu neno. Vitenge vya mkewe alikuja kuvinunua mwenyewe, na kila mara alichagua rangi ya buluu. Siku moja nilimwambia amlete mama achague. Akaniambia anajua anachokipenda. Jioni ile, tukiwa uani, nilimsimulia mkewe, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Jirani, buluu sijaipenda ata siku moja," alisema. "Lakini uku nyumbani kura iko moja, na yeye njo iko nayo."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kicheko cha haraka na miguu iliyoanza kuvimba kwa sababu ya sukari. Nilimpenda kama dada yangu mkubwa. Nasema hivyo mapema ili asomaye ajue ninamwandika mzee huyu nikiwa upande gani.

Wanafunzi wake wa zamani wana hadithi moja wanayoipenda. Kiongozi wa darasa alichaguliwa kila mwezi, watoto wakifumba macho na kuinua mikono. Mwezi mmoja walimchagua msichana aliyesahau kila kitu, na juma la kwanza akapoteza ufunguo wa darasa. Walimu wengine wakamwomba Direkteri amweke mtoto mwingine. Akakataa, akasema mwezi haujaisha. Darasa lile lilisomea nje majuma matatu, mvua ikinyesha walikimbilia kwenye baraza, na yeye alisimama nao kwenye baridi, ameshika kitabu. Wanaisimulia wakicheka. Mimi pia nilikuwa ninacheka.

Sasa niseme habari ya pansiyo, malipo ya uzeeni, kwa maana ndiyo iliyommaliza.

Mtu akitumikia Leta, yaani serikali, mpaka nguvu zikaisha, anapaswa kupata pansiyo. Akifa, mjane wake naye ana haki yake. Lakini kabla haijafika, kuna dosie, faili la karatasi zake, na dosie inapita mbele ya komite inayokutana kwenye biro, yaani ofisi, kule Goma. Komite haigawi kitu. Kazi yake ni kusema nani yuko hai, nani ni mjane wa kweli, dosie ipi ipande na ipi irudishwe kwa kukosa karatasi. Ni kazi ya maneno tu, lakini kwetu mtu anaweza kuwa hai sokoni na kuwa amekufa ndani ya dosie. Kila teritware, yaani wilaya, ilikuwa na kiti kimoja katika komite hiyo. Kiti cha Masisi kilikuwa na mtu ambaye hakuna aliyejua alivyofika pale. Alikuwa tajiri wa ng'ombe. Hakuwahi kutumikia Leta hata siku moja. Hakuwa mtu mbaya, alisalimia kila mtu kwa mikono miwili. Ukimpelekea shida yako alisema "Nitaangalia," na pengine kweli aliangalia.

Papa Direkteri alilifikiria jambo hili miaka. Alilisemea dukani kwangu akiwa ameegemea magunia, hata wateja wakiwa wamemzunguka wakitaka sabuni. Alisema anayekaa pale awe na dosie yake mwenyewe ndani ya kabati ya komite, ili kabati ikifungwa imfungie na yeye. Alisema asihamie Goma, akae mahali ambapo mama mzee anaweza kufika kwa miguu na kugonga mlango. Na kuliko yote:

"Achaguliwe na benye banangojea. Hapana na rafiki yabo, hapana na mukubwa yabo. Benyewe. Na siku akibaya, ni bo benyewe bamuondoshe."

"Na kama bakichagua vibaya?" nilimuuliza siku moja.

"Basi ni vibaya vyabo," akasema. "Vitawafunza."

Siku moja alivaa koti, akaenda kwa yule tajiri wa ng'ombe. Tulidhani watagombana. Alirudi kabla ya chakula, uso umechangamka nisivyowahi kuuona.

"Aliniambia nini? Aliniambia, 'Direkteri, mimi sikuomba ile kiti, baliniandika tu. Kila nikiingia pale nasikia haya, ju sijui niseme nini. Chagueni mutu wenu. Nitasema nimechoka.' Mama Jirani, mutu alikuwa anangoja aulizwe tu."

Wastaafu wakakutana katika darasa moja kule Kingi, kwa sababu Kingi ni karibu na wengi wao walilima huko. Walikuja walimu wa zamani, waganga wa zahanati, watu waliotunza barabara, na wajane wao. Nilikwenda kwa sababu mkewe aliniomba nimsindikize. Miguu ilikuwa bado inamtii. Tuliketi nje ya dirisha, kwa kuwa hatukuwa na sauti ndani.

Ugomvi ulianza mapema. Mganga mmoja mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisimama akasema wajane wasipige kura.

"Hawa bamama hawakutumikia Leta. Mabwana zabo njo balitumikia."

Papa Direkteri akamuuliza, "Bwana akikufa, nani anasimama kwa mulango ya biro?"

"Mujane."

"Anasimama siku ngapi?"

Mganga akaketi.

"Basi yeye njo anatumikia sasa," Papa Direkteri akasema, na jambo likaisha.

Kwa kuwa wengi hawakusoma, na kwa kuwa watu huogopa kuonekana wamemkataa fulani, alikuwa ameweka vyungu vitatu nyuma ya ubao, kila kimoja kimefungwa kitambaa cha rangi yake. Kila mtu alipewa haragwe moja. Wagombea walikuwa yule mganga, Papa Direkteri mwenyewe, na mjane wa Kingi aliyeitwa Mama Kantonye, kwa sababu mumewe alikuwa kantonye, mtu wa kuziba mashimo ya barabara ya Leta. Mama Kantonye hakujiweka mwenyewe. Wajane walimsukuma mbele. Alikuwa amewahi kumbeba mgongoni mjane mwenzake, mlima mzima, ili aonekane kwa macho siku ya kontrole, siku ambayo wakubwa wa biro huhakikisha nani bado anaishi. Tena alijua majina ya watu wote wenye dosie, na nini kinakosekana katika kila moja, bila kuandika.

Vyungu vilipomwagwa juu ya meza, hata sisi wa dirishani tuliona. Maharage ya Mama Kantonye yalikuwa rundo. Ya Papa Direkteri yangeweza kukaa katika kiganja.

Aliyahesabu, akayahesabu tena polepole. Kisha akachukua chaki mfukoni, akaandika jina la mama yule ubaoni kwa herufi kubwa, na la kwake chini, dogo. Mama Kantonye alikaribia, akatazama.

"Umeandika nini?"

"Jina yako."

"Yote ile?"

"Yote."

Akaugusa ubao kwa kidole.

Tulirudi Masisi, Papa Direkteri mbele, mikono mgongoni. Mkewe aliniambia baadaye kwamba hakula. "Iko naumia," alisema. "Alizania batamuona tu, na bamuchague." Lakini asubuhi iliyofuata, jua likiwa bado halijachoma umande, alishaondoka. Alikuwa amekwenda mpaka mlangoni kwa Mama Kantonye, daftari kwapani, akamwambia, "Nimekuja kutumika. Wewe utasema, mimi nitasoma na kuandika."

Akamtumikia miaka ile yote. Hiki ndicho kipande cha maisha yake ninachokipenda. Mara moja nilikuwa Goma kuleta mali, nikapita kwenye biro ile siku ya mkutano. Nikamkuta Papa Direkteri amesimama kwenye korido, kofia mkononi. Walimkataza kuingia kwa sababu hakuwa mjumbe. Kila baada ya muda mlango ulifunguka, Mama Kantonye akatoka na karatasi, viatu vya plastiki miguuni, akamnyooshea. Mzee alimsomea kwa sauti ya chini, yote, hata mihuri. Mama akasikiliza amefumba macho, kisha akarudi ndani kusema ndiyo au hapana. Mjumbe mmoja alichungulia akasema wanapoteza wakati.

"Sisi tulingoja miaka," Mama Kantonye akamjibu. "Na nyinyi mungojee kidogo."

Dosie nyingi zilipanda siku zile. Niliona wajane wakija dukani kununua chumvi bila kushusha macho. Yule mganga wa miwani alipata yake, akamletea Mama Kantonye jogoo, na mama akamrudisha jogoo na salamu. Nikimuuliza Papa Direkteri kama bado inamuuma kwamba hakuchaguliwa, alisema, "Walijua kuliko mimi." Alikuwa akisema kweli. Lakini alilisema akitazama pembeni.

Kisha vita vikarudi juu ya vilima vyetu. Sitaeleza vya nani na nani. Asubuhi moja milio ilisikika upande wa Kingi, na saa sita barabara ilijaa magodoro na mbuzi. Mama Kantonye alikimbilia upande wa Walikale pamoja na binti zake. Alishikwa na homa njiani, kwenye mvua, wakamzika mahali ambapo binti zake wenyewe hawawezi kupaonyesha leo.

Habari ilipofika, Papa Direkteri alikaa kwenye kiti chake uani, daftari magotini. Ndani ya daftari kulikuwa na yale tu ambayo mama yule alimwamuru aandike. Mengine yote mama alikuwa nayo kichwani.

"Amekwenda na majina yetu," alisema.

Haukupita muda mrefu, mkubwa wa komite akampigia simu. Nilisikia kwa sababu rezo ya simu ilipatikana tu kwenye kona ya duka langu. Alimwambia kiti cha Masisi kiko wazi, watu wametawanyika, hakuna wa kumchagua mtu sasa, naye anaifahamu kazi kuliko wote. Aje akae. Kontrole inakaribia, na teritware isiyo na mjumbe haina wa kuisemea.

Kesho yake wastaafu waliobaki Masisi walikuja uani kwake. Mganga wa miwani alikuwa wa kwanza kusema.

"Direkteri, tunakuomba. Endako ukae."

"Nani alinichagua?"

"Sisi hapa."

"Nyinyi muko kumi. Tulikuwa darasa muzima, na nje balisimama. Bale bengine biko wapi? Biko Walikale, biko ndani ya pori. Dosie ni zabo pia."

"Kwa hiyo kiti ikae bure?"

"Mimi balinipigia kura," akasema. "Balisema hapana. Ile hapana haikukufa na Mama Kantonye."

Mkewe alikuwa ameketi juani, miguu juu ya kigoda. Ilikuwa imevimba mpaka kandambili hazikuingia. Dawa zake zilikuwa zinapatikana kwa taabu, na kila mtu pale alijua kwamba dosie ya Papa Direkteri mwenyewe ilikuwa bado inangoja karatasi moja ipigwe muhuri na komite ile. Hakuwahi kusema mbele ya wanaume waliokuja kwa kazi. Siku ile alisema.

"Direkteri, kaa pale."

Yeye akageuka, si kwa hasira.

"Mama, wewe hauko retreti. Na hauko mujane. Uko na bwana. Hauna kura kwa hii."

Wanaume wawili watatu walicheka. Na yeye mama akacheka, kile kicheko chake cha haraka, akavuta kitenge cha buluu kufunika miguu.

Papa Direkteri aliamua kuwafuata wapiga kura kule walikokimbilia. Alichukua mfuko wa maharage, vitambaa, na daftari. Alisema atapita kila mahali walipojikusanya watu wa Masisi, kuanzia huku mpaka Walikale, apokee kura zao, na yeyote watakayemchagua ndiye atakwenda Goma. Nilimwambia uani, kwa sauti ya chini, kwamba mama ni mgonjwa. Akanikabidhi mkewe. Alisema, "Uko naye, Mama Jirani. Sitakawia." Aliamini hivyo. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Nilisikia baadaye alivyosafiri. Alitembea kwa miguu, alipandishwa pikipiki pale njia iliporuhusu, alivushwa mito kwenye mabega ya watu. Katika kila kambi aliwakusanya wastaafu na wajane, akawaeleza, akaweka vyungu vya kuazima. Mahali pengine alimkuta mstaafu mmoja tu, amelala mgonjwa kwenye kibanda, naye alikaa kitandani pake, akatoka nje na kumwachia vyungu ili asione anachagua nani. Waliomwona wanasema hakuna aliyewahi kuwapa heshima kama ile tangu walipokimbia. Wengine walilia wakishika haragwe lile. Siwezi kusema kwamba kazi ile ilikuwa ya bure.

Huku nyuma, kontrole ikafanyika. Kiti chetu kilikuwa tupu. Waliokuwa porini hawakuonekana, na hakukuwa na mtu wa kusimama na kusema, "Huyu yuko hai, namjua, amekimbia." Majina yao yakapitishwa upande wa pili, upande wa waliokufa.

Na mama akazidiwa. Alikuwa akilala nyuma ya duka langu, kwa sababu nyumba yao ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Kidonda cha mguuni kilikataa kupona. Zahanati ilikuwa imebaki na mwuguzi mmoja aliyefanya alichoweza. Juma moja aliniita, akaniambia, "Mutumie neno. Aje. Mwambie kura zinaweza kungojea, mimi siwezi."

Nilimpata motari mmoja, mwendesha pikipiki aliyekuwa anakwenda upande ule. Nikamwambia maneno hayo, akayarudia mbele yangu mpaka yakamkaa. Alimkuta Papa Direkteri kule Buleusa. Akarudi na jibu: bado vijiji viwili.

Mama alikufa siku ya nne baada ya jibu hilo, asubuhi, nikimwosha uso. Tulimzika na majirani.

Papa Direkteri aliingia Masisi siku kumi na moja baadaye. Mtu alikuwa amemwambia njiani, kwa maana hakuuliza chochote. Alipita mbele ya duka, akaenda moja kwa moja kaburini, akakaa chini kwenye udongo mbichi na koti lake. Nilimpelekea maji. Hakuyagusa. Kesho yake aliwaita wastaafu waliobaki, kwa kuwa alikuwa ameahidi, akawasomea matokeo kutoka kwenye daftari, kambi kwa kambi, kijiji kwa kijiji. Karibu wote walikuwa wamemchagua yeye.

Hakuna aliyepiga makofi.

Barua ilipelekwa Goma na matokeo yale. Jibu lilikuja kwa simu, kwenye ile kona ya duka, na safari hii alinipa mimi simu nisikilize kwa sababu tangu arudi hakutaka kushika simu. Kijana mmoja wa biro, mwenye adabu, alinieleza kwamba kiti kimeshapata mtu, jina limetoka juu. Halafu kulikuwa na tatizo lingine. Mwenye barua ile hakuonekana siku ya kontrole, na hakukuwa na mjumbe wa kumsemea. Katika orodha alikuwa ameandikwa marehemu.

"Marehemu hawezi kukaa kwa komite, mama," alisema. "Nisamehe."

Nilimwambia Papa Direkteri neno kwa neno. Nilikuwa na hasira naye, na sikupunguza kitu. Aliitika kwa kichwa, kama mtu anayekubali alama aliyostahili. Mwezi ule ule aliondoka Masisi.

Miaka michache baadaye nami niliondoka. Duka liliporwa mara ya pili, nikahamia Walikale na kuanza tena na chumvi na sabuni. Siku moja nilikwenda Buleusa kutafuta maharage ya kununua, na mwenyeji wangu akaniambia kuna mwalimu mmoja mzee kutoka Masisi anaishi kwa mpwa wake, nyuma ya kanisa. Nilijua kabla hajamaliza.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, sahani ya karanga magotini, akizimenya kwa kupapasa. Macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Nilimsalimu, naye akainua kichwa.

"Mama Jirani," alisema.

Niliketi karibu naye. Aliniuliza habari za Masisi, nani amerudi, nani hakurudi, kama shule ina bati bado. Nilimwambia kile nilichodhani kitamfurahisha: kwamba wastaafu wa Walikale wamekataa jina lililotoka juu, wanataka kumchagua mtu wao wa komite wenyewe, kwa vyungu na maharage, na wanasema wamejifunza kwa mzee mmoja aliyepita kwao wakati wa mvua.

Alimenya karanga mbili.

"Bamuchague kwa haraka," alisema. "Uwaambie. Wasifanye kama mimi. Kura nzuri, lakini iwe haraka."

Mpwa wake alituletea chai, akaondoka. Tulikunywa. Mtaani watoto walikuwa wanatoka shuleni, na aligeuza uso kuwafuata kwa masikio mpaka wakapotea. Ndipo akaniuliza.

"Motari alipokurudishia jibu langu, ulimwambia Mama?"

"Nilimwambia."

"Alisema nini?"

Nilikuwa nimelikimbia swali hilo miaka yote. Siku ile nilipomwambia mama kwamba bado vijiji viwili, alisema, "Basi. Amekwisha kuchagua." Akageuka ukutani. Katika siku nne alizobakiza hakulitaja tena jina lake, wala kwa upendo wala kwa lawama. Nilipomwuliza kama kuna neno nimpe akija, alifumba macho.

"Mama Jirani?" alisema.

"Alisema anakuelewa, Papa," nikamwambia. "Alisema umalize kazi, urudi."

Mikono yake ilisimama juu ya sahani. Mtu huyu alikuwa amefundisha watoto miaka thelathini na kitu, alijua sauti ya anayesema kweli na sauti ya asiyesema kweli, hata akiwa kipofu. Alikaa hivyo, uso umenielekea, na nikaona kwamba ameijua yangu.

"Sema tena," akaniomba.

Nikasema tena.